Mguu Ulioazimwa

Jina la nchi yetu haliruhusiwi kutamkwa wala kuandikwa na mtu aliyeketi. Sheria inataka usimame wima, ubane visigino, ndipo ulitaje. Mimi magoti yananiuma tangu mvua za mwaka juzi, na haya ninayotaka kuwasimulia ni marefu kidogo, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema tu "nchi yetu" na kuendelea kukaa.

Naitwa Tindwa. Ni Mtunzaji Mwandamizi, Daraja la Pili, katika Wizara ya Masalia na Mustakabali. Watu huuliza mambo hayo mawili yamekutana vipi katika wizara moja. Waziri wetu, Mheshimiwa Mtengeti, alilieleza jambo hilo bungeni kwa saa tatu, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Kazi yangu mimi ni moja tu. Natunza Mguu.

Mguu ni wa Shujaa wa Daraja. Ni wa kulia, kuanzia chini ya goti. Umelazwa katika Kuba la Taifa, ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa mahameli, umevaa soksi ya kijani na buti jeusi linalong'aa. Unaamshwa saa moja asubuhi kwa tarumbeta. Una gari lake, una daktari wake, una mwandishi wake wa hotuba. Watoto wa shule huletwa kutoka mikoani, hupangwa mstari, na kusema kwa pamoja, "Shikamoo, Mguu." Mimi hujibu, "Marahaba, wanangu," maana kuitikia kumo katika orodha ya majukumu yangu.

Kila Jumatatu nabadilisha soksi. Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo najua kilichomo. Kuna mifupa miwili mirefu, kuna kisigino, kuna vijifupa vya unyayo na vidole, na kilichobaki ni pamba, kazi safi ya fundi magodoro mmoja ambaye sasa ni marehemu. Watu wanaoangua kilio mbele ya kioo wanalilia, kwa sehemu kubwa, godoro. Sisemi kwa dharau. Nimechoka tu.

Halafu kuna mizani. Kila Siku ya Taifa, Mguu hupimwa uzito uwanjani mbele ya umma, kwa sababu uzito wake ndio kipimo rasmi cha hali ya nchi. Sasa mifupa ya zamani hukauka, na pamba nayo hunyauka, hivyo kila mwaka uzito hupungua kidogo, na kila mwaka Mheshimiwa Mtengeti hutangaza kwamba uzito "umeimarika katika kiwango chake kipya." Tunapiga makofi. Makofi nayo yamo katika majukumu yangu.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini tuliridhika na mguu. Ukweli ni kwamba miaka ya mwanzo tulikuwa na mashujaa wazima, tena wengi. Tabu ya shujaa mzima ni mdomo. Mmoja alianza kuuliza uchaguzi utakuwa lini. Mwingine alikumbuka vibaya nani alikuwa wapi siku ya vita, na akakumbuka kwa sauti. Walipokwisha kugawanywa, huyu gerezani, huyu ughaibuni, huyu kwenye kilimo cha lazima, Kiongozi wa Kudumu akaagiza atafutwe shujaa asiye na mdomo. Kamati ilizunguka nchi nzima miezi minane. Ikarudi na mguu.

*

Mzee Lugendo aliingia kwenye Kuba asubuhi moja ya Jumanne. Alikuwa mrefu, mkavu, mkongojo kwapani, na suruali yake upande wa kulia ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Bintiye, Semeni, mwanamke wa makamo, alimfuata nyuma amebeba mfuko wa plastiki. Mzee hakuinama kama wageni wengine. Alisimama mbele ya kioo akautazama Mguu jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe wake aliyemkuta kwenye zizi la jirani.

"Ndio huo," akamwambia bintiye. "Wameuvalisha buti. Mimi maisha yangu yote sijavaa buti."

Nikamsogelea kwa upole. "Mzee wangu, shikamoo. Hapa utaratibu ni kuuamkia Mguu kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Niuamkie? Mimi na huu tumezaliwa siku moja. Nani mkubwa hapo?"

Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuulizwa swali hilo, na mwongozo wa kazi haukuwa na jibu. Nikawaketisha kwenye benchi la wageni wa mikoani.

"Kaka, baba anaumwa," Semeni akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa mzee alikuwa anasikia kila kitu. "Hospitali wametuambia turudi nyumbani tukapumzike. Unaelewa maana yake. Sasa kabla ya kurudi anataka mguu wake. Hatutaki kingine. Hata buti mbaki nalo."

Mzee akanieleza mwenyewe, bila haraka, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. Daraja lilikuwepo kweli, ila vita havikuwepo. Ilikuwa siku mbili kabla ya uhuru, na lori lililobeba kiti cha kukalia Kiongozi wa Kudumu lilikwama mtoni. Vijana wa bonde wakaitwa kutandika mbao. Dereva akarudi nyuma bila kutazama. Kiti kilifika salama.

"Kiti ndicho kile kilichoko ikulu?" nikauliza.

"Sijui. Mimi nilikiona miguu tu. Kilikuwa nayo minne."

Mguu ulipokatwa, mama yake aliuomba, akaufunga kwenye kaniki, akaenda nao nyumbani. Watu wa bonde lao wana desturi ambayo sikuwahi kuisikia. Mtu lazima alazwe chini ya udongo mmoja. Akikatwa kiungo, kaburi lake huchimbwa siku hiyohiyo, kwa urefu wake wote, kiungo kikalazwa mahali pake hasa, kikafukiwa hicho tu. Sehemu iliyobaki huachwa wazi, ikafunikwa kwa mbao, ikamsubiri mwenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno ndugu huja kung'oa majani. Asiyelazwa hivyo hahesabiwi kuwa amelala, na watoto wake hawaruhusiwi kumaliza matanga.

"Mama alichimba kwa jembe la mkono," mzee akasema. "Mwaka wa saba wakaja watu wa serikali na koleo. Nikawaambia, hilo ni kaburi langu. Wakaniambia, tunauazima tu, mzee, kwa ajili ya maonyesho. Nikawaambia, basi niandikieni."

Semeni akafungua mfuko wa plastiki, ndani mlikuwa na mfuko mwingine, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliisoma. *Imeazimwa na Serikali: mguu mmoja (1), wa kulia, mali ya Lugendo. Utarudishwa baada ya matumizi.* Ilikuwa na muhuri, na sahihi ya ofisa kijana wa wakati ule aitwaye Mtengeti.

Niliikunja tena mara nne. Nikawaambia tutapeleka suala hili kwenye Kamati, maana hilo ndilo jibu ninalolijua.

Walipokuwa wakiondoka, mzee aligeuka tena kwenye kioo. "Mwanangu, nikuombe kitu kidogo. Huo mguu huwa unaniwasha. Chini ya unyayo, karibu na kidole cha tatu. Miaka arobaini na kitu sasa. Nikijikuna huku hakuna kitu, ni hewa. Wewe una ufunguo. Nikunie kidogo tu."

Nikamjibu kwamba sanduku hufunguliwa Jumatatu, kwa shughuli ya soksi, na kwamba kukuna hakumo katika shughuli ya soksi. Nilimjibu hivyo kwa adabu sana. Mzee akatikisa kichwa, akasema haidhuru, akaenda zake. Nimefanya mambo mengi ya kijinga katika utumishi wangu na nimeyasahau, lakini hilo sijalisahau, na aibu yake ninayo mpaka leo.

*

Kamati ilikaa Alhamisi, wajumbe kumi na wanne, na maji ya chupa. Mheshimiwa Mtengeti mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Mzee Lugendo na bintiye walikalishwa mwisho wa meza.

"Kamati imefurahi sana," Waziri akaanza, "kumwona mwananchi wa kawaida akijitokeza kudai masalia. Huo ni ushahidi wa mwamko. Hata hivyo, Shujaa wa Daraja alikufa vitani. Imeandikwa kwenye jiwe. Mzee, wewe umekufa?"

"Bado, mheshimiwa. Ndiyo maana nina haraka."

"Basi si wewe."

Semeni akaitoa ile karatasi na kuisukuma mezani. Ilipita mikononi mwa wajumbe wote. Ilipofika kwa Waziri aliitazama kwa muda mrefu, akaitazama ile sahihi, na macho yake yakalowa. Nilidhani tumeshinda.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mnajua hiki ni kitu gani? Hii ni hati ya zaidi ya miaka thelathini, inayohusu Mguu moja kwa moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Masalia, kitu chochote kilichogusana na Mguu na kupita umri huo ni mali ya taifa." Akasimama. Wote tukasimama. Karatasi ya Mzee Lugendo ikabebwa na mjumbe mmoja kwa mikono miwili, na kufikia saa sita mchana ilikuwa ndani ya kioo chake yenyewe, imewashiwa taa na kuwekewa kibao kinachosema wageni wasiisome kwa karibu.

Mjumbe mwingine alikuwa ameanza kuutazama mkongojo. Akamuuliza mzee anao tangu lini. Nikamwahi kusema kwamba ni mpya. Mzee mwenyewe alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na aligusana na Mguu huo kuliko kitu kingine chochote nchini, kwa hiyo nilianza kuogopa kwa niaba yake.

"Basi nina ombi la pili," mzee akasema. "Kama mguu hauwezi kuja kwangu, nikifa nileteni mimi kwake. Nilazeni hapo chini ya Kuba. Udongo ni udongo."

Wajumbe walinong'onezana. Mwanasheria wa Wizara akatoa maoni. Alisema Kuba ni la mashujaa peke yao, na ushujaa wote wa siku ile ulifanywa na mguu wa kulia, ambao ndio uliokuwa chini ya lori, yaani vitani. Sehemu nyingine za mwombaji zilikuwepo kama watazamaji. Ombi likakataliwa kwa kauli moja, na chai ikaletwa.

Nje, kwenye ngazi, Semeni alilia bila kuficha uso. Mzee alikuwa anahangaika kushuka, bintiye hakumwona, mimi ndiye niliyemshika mkono. Alikuwa mwepesi sana. "Usijali, mwanangu," akaniambia. "Wameuweka vizuri. Nyumbani ungeliwa na mchwa." Alikuwa ananifariji mimi.

*

Semeni alinipigia simu wiki tatu baadaye kuniambia kwamba baba amekwenda. Watamzika Jumamosi, akasema, kwenye lile shimo, na hajui watafanyaje na upande wa mguu.

Nikaweka simu chini. Halafu nikafungua kabati nikatoa fomu ya Ziara ya Mguu Mikoani. Mguu husafiri mara mbili au tatu kwa mwaka, kufungua visima ambavyo havina maji na kadhalika. Penye "madhumuni ya ziara" niliandika: *kufariji wafiwa*. Niliamini, kwa ujinga wangu, kwamba Mguu ukifika ukingoni mwa kaburi, na watu wote wakiona, hakuna atakayekuwa na uso wa kuurudisha garini.

Mheshimiwa Mtengeti aliipenda sana fomu ile. Mguu haujawahi kumfariji mtu, akasema, na televisheni itapenda. Akaweka sahihi. Sahihi yake haijabadilika tangu ujana.

Siku ya Jumamosi msafara wetu ulikuwa wa magari kumi na moja. Tulitakiwa kufika saa nne, tukafika saa saba, maana Mguu ulilakiwa kwa ngoma njiani mara mbili na haikuwa heshima kupita bila kusimama. Maiti ilikuwa inatusubiri kivulini. Watu wa itifaki walipofika walikuta wafiwa wameketi mbele, wakawahamishia nyuma ya mapipa ya maji, kisha Mguu ukateremshwa na askari wanne, ukawekwa juu ya kiti cha enzi chini ya turubai, feni ikaelekezwa kwake. Mshereheshaji akatangaza kwamba mgeni rasmi amewasili. Wanakijiji wakatazama buti lile.

"Ndio wa Lugendo huo?" bibi mmoja akauliza.

"Ndio huo."

"Umenenepa."

Hotuba ya Mguu ilisomwa na Waziri. "Mimi Mguu," alisoma, "nimeguswa na msiba huu. Marehemu alikuwa mtu wangu wa karibu." Hapo watu wengine walianza kulia kweli, hata mimi. Hotuba ikaendelea na mafanikio ya sekta ya barabara. Shada la maua likawekwa kwa niaba ya Mguu. Kisha marehemu akateremshwa.

Kaburi lilikuwa kama alivyoeleza. Lilikuwa limechimbwa na mwanamke kwa jembe la mkono, kuta zake zimelainishwa na miaka mingi ya kung'olewa majani. Upande wa kulia, chini, palikuwa na kishimo kidogo mahali pa mguu, kilichoachwa na makoleo ya serikali. Mzee alilazwa akiwa ameegemea kidogo upande ule, kana kwamba ameacha nafasi.

Semeni alitoka nyuma ya mapipa. Alipita katikati ya watu wa itifaki, akapiga magoti mbele ya Waziri.

"Baba yangu, mheshimiwa, shikamoo. Shimo ni hilo pale. Kutoka hapo kwenye kiti ni hatua kumi. Uteremsheni tu. Sisi hatutasema kitu. Tangazeni ninyi kwamba ni mapenzi ya Kiongozi, tutapiga vigelegele."

Waziri alimtazama, akalitazama kaburi, na kwa muda mfupi nilimwona yule ofisa kijana mwenye kalamu, aliyeandika *utarudishwa*. Nadhani aliikumbuka siku ile. Halafu akaangalia saa.

"Mama, uchungu wako ni uchungu wetu," akasema. "Lakini saa kumi Mguu una kikao."

Askari wanne wakaubeba. Ving'ora vikaanza. Nilimwomba dereva wa gari la mwisho anisubiri kidogo, nikaenda kaburini, ambapo watu walikuwa wameanza kutupia udongo, kila mtu konzi moja. Nikatupia yangu. Kisha nikainama nikachota konzi ya pili, nikaitia kwenye leso, na nilipoinua macho Semeni alikuwa ananitazama. Nilitaka kueleza. Hakuniuliza. Akaichukua ile leso mkononi mwangu, akaongeza konzi nyingine, na nyingine, kutoka upande ule wa kulia, akaifunga fundo.

"Buti ni kubwa hilo," akasema. "Mjazie vizuri."

*

Jumatatu nilifungua sanduku kwa shughuli ya soksi. Nilivua buti, nikavua soksi ya kijani. Kabla ya kitu kingine chochote nilitafuta kidole cha tatu, nikashuka kidogo kwenye unyayo, nikakuna. Palikuwa pamba tu. Nilikuna hata hivyo, kwa muda mrefu, mpaka kucha ikaniuma. Kisha nikatoa ile pamba ya fundi magodoro, nikaizungushia mifupa udongo wa bonde lao, kisigino, unyayo, vidole vyote, nikavisha soksi mpya, nikafunga buti. Niliandika kwenye daftari: *soksi imebadilishwa*.

Siku ya Taifa ikafika. Uwanja ulijaa. Mguu ukawekwa kwenye mizani, na mpimaji akainama kusoma, akainuka, akainama tena. Alimnong'oneza Waziri. Mheshimiwa Mtengeti alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Kwa mara ya kwanza katika historia, Mguu umeongezeka! Gramu mia sita! Mustakabali umewasili!"

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia. Watu wasiofahamiana walikumbatiana. Ndege za jeshi zilipita. Mwanauchumi mmoja aliyekuwa jukwaani alieleza kwamba hayo ni matunda ya sera. Waziri alilia machozi ya kweli, na Kiongozi wa Kudumu, kwenye kiti chake cha miguu minne, alipunga mkono. Nchi nzima ilikuwa inaushangilia udongo wa kaburi la Mzee Lugendo, na mimi peke yangu nilijua, na Semeni, aliyekuwa nyumbani kwao siku hiyo anamaliza matanga ya baba yake.

Kisha bendi ikaanza wimbo wa taifa, nao una jina la nchi katika kila mstari. Nikasimama pamoja na wengine. Magoti yaliniuma. Nilibana visigino kama sheria inavyotaka, na kila walipolitaja jina lile, mimi nilitamka Lugendo.

Wimbo ulipokwisha niliketi.